Nilinyimwa maksi mbili kwa kuandika "herd"

Mwaka wa pili chuoni tulipewa karatasi moja, fotokopi ya fotokopi, herufi zimeshaanza kufifia, imejaa majina ya kiingereza ya makundi ya wanyama. Twiga "tower". Pundamilia "dazzle". Faru "crash", kiboko "bloat", fisi "cackle", kunguru "murder". Tukaambiwa kariri zote zinakuja kwenye mtihani, na kweli zikaja. Swali la nyumbu mimi nikaandika "herd", yaani kundi tu, kwasababu ndo neno nililolikuta kwenye kila kitabu cha wanyamapori nilichowahi kushika, nikawekewa kosa. Jibu walilotaka ni "confusion". Maksi mbili zikaenda. Iliniuma, nikamfata mwalimu ofisini, akaniambia kijana wangu kiingereza sahihi ndo hicho, mgeni akikusikia unasema "herd" atajua hujasoma.

Leo nina miaka tisa nawapeleka wageni mbugani, Tarangire, Manyara, Ngorongoro, Serengeti, na hayo majina nimeyatumia sana maana wageni wanayapenda. Mwaka juzi nilikuwa na bibi mmoja mwingereza, mwalimu mstaafu, tukasimama Seronera pembeni ya twiga saba nikamwambia kundi hili linaitwa "tower". Akafurahi, akatoa kidaftari akaandika, alafu akanigeukia akauliza, nani aliamua liitwe hivyo? Nikamwambia Mama, hilo swali sijawahi kuulizwa, nikifika kambini nitalitafuta. Usiku ule mtandao ulikuwa unakatika katika lakini nililala saa saba, na toka siku hiyo sijaacha kusoma habari za haya maneno, na kadri ninavyosoma ndo naiona ile karatasi yetu ya chuo kwa jicho lingine kabisa.

Mambo yanaanzia mbali sana na mbuga. Yanaanzia St Albans, mji ulio kaskazini mwa London, mwaka 1486. Wakati huo kuchapa vitabu kwa mashine ni kitu kipya Uingereza, William Caxton alikuwa ameanza pale Westminster 1476, yaani miaka kumi tu nyuma. St Albans kulikuwa na mchapaji ambaye hata jina lake hatulijui, anaitwa tu mwalimu mchapaji, na yeye ndo alitoa kile kinachoitwa Book of Saint Albans. Humo ndani kuna kuwinda kwa ndege, yani kozi na vipanga waliofundishwa, kuna kuwinda kwa mbwa, na kuna nembo za koo za watu wakubwa. Mwisho wa sehemu ya uwindaji limeandikwa jina la mwanamke, Juliana Barnes. Na katikati ya hayo yote kuna orodha ndefu, majina zaidi ya 150, ya makundi ya wanyama, ndege na watu. Orodha kama hizo zilikuwepo hata kabla, zimeandikwa kwa mkono kama miaka 30 au 40 nyuma, lakini hii ya kuchapwa ndo iliyosambaa, ikarudiwa kuchapwa tena na tena.

Sasa kwanini mtu aandike orodha kama hiyo? Hapa ndo nilipokaa sana.

Uingereza ya wakati ule kuwinda ilikuwa ni mambo ya wakubwa. Tangu wanormani watoke Ufaransa na kuiteka nchi mwaka 1066 misitu mikubwa iliwekwa chini ya sheria za mfalme, mkulima akikutwa na kulungu wa mfalme anashtakiwa, na lugha ya uwindaji ikajaa kifaransa kwasababu wenye misitu walikuwa wanaongea kifaransa. Kijana wa familia ya kitajiri alikuwa anafundishwa maneno ya uwindaji kama anavyofundishwa kupanda farasi. Kila umri wa kulungu una jina lake, kila mnyama namna anavyolala ina neno lake, na kila kundi lina jina lake. Mpaka mezani! Kitabu hicho hicho kinakupa maneno ya kukata nyama, ukisema "nimemkata" kwa wanyama wote umeshajulikana, maana kuna neno lake la korongo, neno lake la sungura, neno lake la bata maji, yote tofauti, na kisu ni kile kile kimoja. Kosea neno moja na wote waliokaa pale wanajua umetoka nyumba gani.

Kwahiyo yale maneno tangu mwanzo yalikuwa geti. Wa ndani wanayajua, wa nje hawayajui. Na mimi kijana wa Babati, zaidi ya miaka 500 baadae, nimefungiwa geti lile lile kwenye chumba cha mtihani, na aliyelifunga ni mtanzania mwenzangu ambaye nae alifungiwa na mtu mwingine kabla yake. Nilipofika hapo nilifunga simu nikakaa kimya kidogo.

Lakini ngoja, maana geti ni nusu tu ya habari, nusu nyingine ni kwamba wale watu walikuwa wanacheza. Ndani ya orodha ile ile yenye simba na kwale kuna majina ya makundi ya watu, na humo ndo utaona kabisa mwandishi anacheka. Wapishi wakiwa wengi ni "hastiness", yaani haraka haraka. Washona viatu ni "drunkship", ulevi. Mahakimu ni "sentence", hukumu. Watawa wa kike ni "superfluity", yaani wamezidi mpaka wengine hawana kazi, na watawa wa kiume ni kitu cha kuchukiza machoni. Hakuna mtu aliyetoka nyumbani kwake asubuhi akasema naenda kuona "hastiness" ya wapishi. Ni utani wa watu wenye nafasi ya kukaa na kutunga, wanachukua sifa ya mtu au mnyama wanaigeuza jina la kundi lake. Sasa ukishaona hilo kwa wapishi utaliona na kwa wanyama. Tausi wanaitwa "muster", neno la askari waliopangwa wakakaguliwe, kwa vile tausi anavyojikunjua. Nyani wasio na mkia wanaitwa "shrewdness", ujanja. Fuko ni "labour", kazi, kwa vile wanavyochimba. Mzee wa 1486 angekaa na babu yangu wangeelewana vizuri tu, maana babu nae alikuwa hawezi kumuona mnyama bila kumpa tabia.

Kuna mengine nayapenda kwasababu hayakutungwa mezani, yalitoka kwenye kazi na kwenye sikio. Mabata bukini wakiwa chini wanaitwa "gaggle", lisome kwa sauti, ga-ga-ga, ndo wao wenyewe wanavyolia. Kwale ni "covey", limetoka kwenye neno la kifaransa la kuatamia, yaani ni mama na vifaranga wake walioanguliwa pamoja, na kweli kwale ukiwashtua porini ni familia inayoruka. Watoto wa paka ni "kindle", toka neno la zamani la kuzaa. Watoto wa mbwa wa mzao mmoja ni "litter", na hilo asili yake ni kitanda, majani makavu waliyotandikiwa. Kuna kindege kimoja cha Ulaya chenye uso mwekundu na mstari wa njano kwenye bawa, kundi lake linaitwa "charm" na watu wote wanadhani ni sababu ya uzuri wake, kumbe ni neno la kale lililomaanisha kelele za ndege wengi wakilia kwa pamoja, matamshi yakasogea sogea mpaka yakafanana na neno la mvuto.

Na samaki! Hili nilipolijua niliwapigia simu watu wawili usiku kuwaambia. "School" ya samaki haina uhusiano wowote na shule. Shule kwa kiingereza imetoka kigiriki ikipitia kilatini, ya samaki imetoka kiholanzi, "schole", maana yake tu kundi kubwa, na ni ndugu wa "shoal" ambalo nalo ni la samaki. Maneno mawili yaliyokutana njiani yakavaa nguo moja. Sisi tumefundishwa kuchora samaki wamepanga mstari kama wanafunzi paredi. Pwani wavuvi wana maneno yao, wanalo la samaki walioko majini na wanalo la waliokwisha kamatwa, mtungo, kwa vile wametungwa kwenye kamba, na ukiangalia tita la kuni, chane na mkungu wa ndizi, bumba la nyuki, utaona ni kitu hicho hicho, neno limezaliwa mkononi mwa mtu anayefanya kazi. Hakuna aliyefelishwa mtihani ndo mtungo ukapatikana.

Kuna jina lingine lilizaliwa kwa makosa tu. Fereti ni kanyama kembamba kama nguchiro, wazungu wanakafuga wanakaingiza kwenye mashimo kafukuze sungura. Kundi lao lilikuwa "business", pilika pilika, na ukikaona kalivyo utakubali. Ila herufi za mkono za zamani zinachanganya, mtu akanakili vibaya, mwingine akanakili kile kilichonakiliwa vibaya, mpaka likapatikana neno "fesnyng" ambalo halina maana yoyote kwa lugha yoyote, na likaingia kwenye vitabu vya majina kama neno halali. Nikafikiria ile fotokopi ya fotokopi yetu.

Kunguru sasa, maana hao ndo wanaulizwa sana. "Murder" ni mauaji. Wazungu wa zamani walimuona kunguru kwenye maiti, vitani na kwenye nguzo za kunyongea, na walikuwa na hadithi kwamba kunguru wanakaa kikao wanamhukumu mwenzao wanamuua. Jina liliandikwa karne ya 15 alafu likalala muda mrefu sana, watu hawakuwa wanalitumia mpaka karne ya 20 lilipofufuliwa. Mtu wa Dar au Zanzibar au Mombasa hahitaji hadithi ya kizungu hapo, yule kunguru wa India aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 ale takataka ameshakula vifaranga na mayai ya ndege wengine kiasi kwamba hilo jina ukimtajia mtu atasema ndo lenyewe. Yule kunguru mkubwa wa Ulaya ana lake, "unkindness", leo linasomeka kama kukosa huruma tu, lakini kwa kiingereza cha wakati ule "kind" ilikuwa pia ni asili, ukoo, damu. Kuwa "unkind" ni kwenda kinyume na damu yako. Waliamini yule ndege anawatelekeza watoto wake kwenye kiota, hivyo neno linamtuhumu kitu kizito kuliko ukali, linamtuhumu kukana ukoo. Na hapo unaona neno moja limebeba imani ya watu wa zama nzima.

Vipozamataza niwataje tu kwa mapenzi yangu. Wa Ulaya anaruka juu moja kwa moja huku anaimba mpaka humuoni tena unamsikia tu, wakamuita "exaltation", kuinuliwa juu, na sidhani kuna jina zuri zaidi kwenye orodha nzima.

Basi, turudi kwetu, maana mtu atauliza twiga yuko wapi humo? Hayupo. Hilo ndo jibu la yule bibi. Twiga, pundamilia, kiboko, nyumbu, hakuna hata mmoja kwenye ile orodha ya 1486, na wangekuwepo vipi wakati watu wale walikuwa wanawinda kulungu na sungura kwenye misitu ya Uingereza. "Tower", "dazzle", "bloat", "confusion", "crash", hayo yote ni ya juzi. Mchezo ule wa zamani ulikuja kupendwa upya, Arthur Conan Doyle yule wa Sherlock Holmes aliuweka kwenye riwaya yake ya mwaka 1906 ambapo mzee mmoja anamfundisha kijana majina ya makundi na kumsahihisha, na mwaka 1968 mmarekani James Lipton akatoa kitabu kizima cha haya majina, ya kale pamoja na mengine aliyotunga yeye, watu wakachangamka, kila mtu akaanza kutunga yake. Bundi kuitwa "parliament" nalo ni la karne ya 20, lilipata umaarufu kwenye hadithi ya watoto ya C. S. Lewis ya 1953. Lingine linanishangaza mpaka kesho: "flange" ya nyani. Hilo limetoka kwenye kipindi cha vichekesho cha BBC karibu mwaka 1980, mchezaji kavaa ngozi ya sokwe anamsahihisha profesa majina ya makundi, waandishi wa kichekesho walilibuni wao, na baadae likaanza kuonekana kwenye maandishi ya watu makini kabisa kama jina la kweli.

Wanasayansi wanaofanya kazi mbugani hawatumii haya. Nyani ni "troop", nyumbu ni "herd", fisi ni "clan", yaani ukoo, na hilo la ukoo limekaa mahali pake hasa. Mholanzi Hans Kruuk alikaa Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960 akifuatilia fisi usiku kucha, ikaonekana wana koo zenye mipaka, wanailinda, na majike ndo wakubwa. Ukimwambia mgeni "cackle" amecheka ameandika. Ukimwambia "clan" alafu ukamuonyesha jike mkubwa anavyopishwa kwenye mzoga, atakaa kwenye gari saa nzima haulizi kurudi kambini.

"Dazzle" ina shida yake ya peke yake. Jina linadai kwamba mistari ya pundamilia ipo kumchanganya simba macho. Ni wazo la zamani na ni zuri kulisikia, lakini mtafiti Tim Caro, ambaye amefanya kazi Tanzania miaka mingi, alitoa utafiti na wenzake mwaka 2014 unaoonyesha mistari inaendana zaidi na sehemu zenye nzi wanaouma, na 2019 wakawavalisha farasi mashuka yenye mistari wakaona nzi wanakuja vizuri lakini wanashindwa kutua. Dereva yeyote aliyepita na kitambaa cha bluu kwenye eneo la ndorobo anajua hao wadudu wanaenda kwa macho. Kwahiyo leo nikisema "dazzle" namalizia hapo hapo kuhusu nzi, siwezi tena kuliacha liende peke yake.

Limebaki la simba, na hili nimelibakiza makusudi. "Pride", yaani majivuno, ni la kale kweli, lipo kwenye 1486. Aliyeliandika hakuwahi kuona simba porini, wa Uingereza walikuwa wamefungwa kwenye ngome ya London, zawadi za wafalme kwa wafalme, na wengine wote walikuwa wa kuchorwa, watatu kwenye nembo ya mfalme, na kanisani simba alikuwa alama ya majivuno. Jina likatoka hapo, kwenye nembo na mahubiri, kwa mnyama ambaye kundi lake hawakulijua hata kidogo. Alafu George Schaller anakuja Serengeti 1966, anakaa mpaka 1969, anawatambua simba mmoja mmoja kwa sura, na neno lile lile la utani wa mezani linapata maana ya kazi: majike wa damu moja, mama, dada, mama wadogo, bibi, na eneo lao, wanazaliwa humo na wengi wanafia humo, na madume wanakuja wanakaa miaka michache wanafukuzwa na wengine. Simba wanne chini ya mti siyo lazima wawe "pride", wanaweza kuwa ni kipande tu cha "pride" ambayo wengine wako kilomita tano mbele. Kwahiyo neno ambalo hapo kale halikujua kitu sasa hivi linajua kuliko "tower" na "dazzle" yote pamoja.

Niliyaandika haya yote kwa kifupi nikamtumia yule bibi kwa imeili, akanijibu kwamba miaka yote ya kufundisha alikuwa anawakaririsha watoto "parliament" ya bundi akidhani ni ya zama za wafalme.

Mwezi uliopita tulikuwa Ndutu na wageni wawili. Asubuhi tuliwaona majike watatu kwenye nyasi, jioni tukawakuta wale watatu wamekaa wanatazama upande mmoja, na kutoka kule kwenye migunga wakatokea wengine wanne na watoto. Nikazima gari. Walipofikiana wakaanza kusuguana vichwa, shavu kwa shavu, mmoja mmoja, mkubwa na mdogo, wanaguna ile sauti ya chini, hakuna aliyerukwa. Mgeni mmoja akaninong'oneza, wanafanya nini? Nikamwambia wanasalimiana, toka asubuhi hawajaonana.